Mto Tana Umehama, Ramani Haijahama

Katika ramani zilizochapishwa katikati ya karne iliyopita, Mto Tana ni mstari wa buluu unaopindapinda kutoka Garsen hadi Kipini bila dalili yoyote ya kusita. Vijiji vimeandikwa kwa wino mweusi, barabara zimetiwa nyekundu, msitu wa ukingoni umepakwa kijani, na maziwa madogo ya delta yametapakaa pande zote mbili za mto. Anayeitazama ramani hiyo kwa mara ya kwanza huona nchi iliyopangwa ikapangika: huku mto, kule ziwa, hapa kijiji, pale kinamasi.

Mkulima wa Kipokomo aliyezaliwa ukingoni mwa mto huo anajua kwamba nchi yake haijapata kutulia namna hiyo. Mfugaji wa Kiorma anayeshusha ng'ombe kunywa maji wakati wa kiangazi anajua vilevile. Maji hupanda na kushuka, ziwa hujaa na kukauka, na mara moja moja mto wenyewe huuacha mkondo wake na kufuata njia nyingine. Ramani iliukamata mto siku ile ndege ilipopita juu yake kuupiga picha, na tangu siku hiyo mstari haujasogea.

Jambo hili lingebaki kuwa la wapenda ramani tu kama si mizigo ambayo karatasi hizo zimetwishwa baadaye. Juu yake zimejengwa hoja za mipaka ya wilaya na mikoa, michoro ya miradi ya umwagiliaji, na madai ya nani mwenye ardhi na nani mgeni. Katika Kaunti ya Tana River, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943, umbali wa mita chache kutoka mtoni unaweza kuwa tofauti kati ya shibe na njaa. Ndiyo maana inafaa kuuliza ramani hizo zilitengenezwaje, zinasema nini, na zinanyamaza wapi.

Kazi ya ndege na lenzi

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na ndege nyingi za kijeshi na makoloni mengi yasiyo na ramani za kutegemewa. Mwaka 1946 ikaanzishwa Kurugenzi ya Upimaji wa Makoloni, chini ya Brigedia Martin Hotine, mtaalamu aliyekuwa ameandika sana kuhusu upimaji kwa picha za angani. Ndege za jeshi la anga la Uingereza, nyingi zikiwa za aina ya Lancaster zilizokuwa zimeundwa kudondosha mabomu, zikatumwa Afrika kupiga picha. Mwaka 1957, upepo wa uhuru ulipoanza kuvuma, kurugenzi hiyo ilibadilishwa jina na kuitwa Kurugenzi ya Upimaji wa Ng'ambo, lakini kazi iliendelea ileile.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa ustadi mkubwa. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka, ikipiga picha zinazopishana ili kila kipande cha ardhi kionekane katika picha zaidi ya moja. Picha mbili jirani zikitazamwa pamoja kwa chombo chenye lenzi mbili, ardhi huinuka machoni mwa mchoraji: mlima huonekana mlima, na bonde huonekana bonde. Hapo mchoraji, akiwa ofisini kusini mwa England, aliweza kuchora mto wa Afrika Mashariki ambao hajapata kuukanyaga. Huku Kenya, wapimaji walitafuta vipimo vya ardhini vya kuzifungia picha hizo mahali pake, wakaulizia majina ya vijiji, mito na vilima, na kuyaandika kadiri walivyoyasikia.

Nchi iligawanywa katika miraba. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, karatasi moja ya Kenya hubeba eneo la takriban kilomita 28 kwa 28, na sentimita moja kwenye karatasi ni nusu kilomita ardhini. Nyanda za juu na sehemu nyingine zenye watu wengi zilipewa kipimo hicho. Nyika pana za kaskazini na mashariki nyingi zilichorwa kwa kipimo kidogo zaidi cha 1:100,000. Juu ya hizo zote kulikuwa na ramani za 1:250,000, ambazo karatasi moja humeza wilaya nzima.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mtu wa Tana. Katika ramani ya 1:50,000, njia yenye upana wa mita 50 ni milimita moja tu. Katika ramani ya 1:250,000, ni kama nukta ya kalamu.

Mahali ambapo kontua hazisemi kitu

Chukua ramani yoyote ya enzi hiyo inayoonyesha mteremko wa Mlima Kenya, mojawapo ya mahali Tana inapoanzia safari yake ya takriban kilomita 1,000. Mistari ya kahawia ya kontua imebanana mpaka jicho linachoka. Kisha teremka hadi delta. Mistari inaachana, inapungua, na mwishowe inatoweka kabisa.

Sababu ni kwamba delta ni tambarare mno. Ramani za wakati huo zilihesabu kimo kwa futi, na kwa kawaida kutoka kontua moja hadi nyingine kulikuwa na futi 50, yaani zaidi ya mita 15. Mtu anaweza kutembea mchana kutwa katika mbuga za chini ya Garsen bila kuvuka hata mstari mmoja. Hata hivyo mita mbili tu za kimo ndizo zinazoamua kama kijiji kitalala kikavu au kitaamkia majini. Wapokomo wamejenga vijiji vyao tangu zamani juu ya kingo za mto zilizoinuliwa na tope la mafuriko, kwa kuwa wanajua pale ndipo pa mwisho kufikiwa na maji. Ramani inawaonyesha wamejipanga kando ya mto. Sababu yao ya kukaa pale haimo.

Tatizo la pili ni la majira. Ndege ya kupiga picha hungoja anga lisilo na mawingu, na aghalabu anga la namna hiyo hupatikana wakati wa ukavu. Delta ya Tana ina sura mbili kila mwaka: sura ya mafuriko, ambayo kwa kawaida huja na mvua ndefu kuanzia Aprili na tena na mvua fupi kuelekea mwisho wa mwaka, na sura ya kiangazi. Picha moja haiwezi kubeba zote mbili. Mchoraji mwangalifu aliweka alama ya kinamasi cha msimu, vichaka vya nyasi za buluu kwenye karatasi, na kuishia hapo. Lakini msomaji wa alama hizo, akiwa na haraka na bila mwenyeji wa kumwelekeza, huona ardhi tupu isiyotumiwa na mtu.

Lipo na jambo la tatu, ambalo limewaponza wengi tangu simu zenye GPS zienee. Ramani za Kenya za kizazi hicho zimesimama juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Mtu akichukua namba zilizosomwa na kifaa chake na kuziweka moja kwa moja kwenye gridi ya ramani ya zamani bila kuzigeuza, atatua takriban mita 300 mbali na mahali aliposimama. Kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita 6. Kando ya Mto Tana, mita 300 zinatosha kulivusha shamba la mahindi kutoka ukingo wa magharibi hadi wa mashariki, na kulihamisha kutoka kwa mwenyewe hadi kwa jirani.

Mto uliokuwa mpaka wa madola

Wapima ardhi wa miaka ya 1950 hawakuwa wa kwanza kuutegemea mto huu kama mstari wa kudumu. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi za Afrika Mashariki mwaka 1886, waliutaja Mto Tana kuwa mpaka wa kaskazini wa eneo walilokuwa wakigawana. Katika makubaliano hayohayo ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar ulitajwa kufika hadi Kipini, penye mdomo wa Mto Ozi. Kaskazini ya mto, huko Witu, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Denhardt walikuwa wameshafanya mkataba na Sultan Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, mwaka 1885, na Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani.

Kwa hiyo kwa miaka michache mto huu ulitenganisha madola mawili ya Ulaya. Lakini ulikuwa mto gani? Zamani Tana ilikuwa na mdomo wake yenyewe kusini magharibi ya Kipini, nao Ozi ulikuwa mto mwingine mdogo. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliiunganisha mito hiyo miwili, watu wakapitisha mitumbwi na bidhaa humo, na maji nayo yakaipenda njia hiyo mpya. Sehemu kubwa ya maji ya Tana ikaishia kutokea baharini Kipini kupitia Ozi. Mfereji huo mwembamba ukazua ugomvi wa ushuru kati ya Witu na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Ugomvi ulikatwa juu kwa juu mnamo Julai 1, 1890, Ujerumani ilipoiachia Uingereza Witu katika mkataba uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Wenyeji hawakuulizwa.

Nchi hiyo ilikuwa na historia ndefu kabla ya mikataba hiyo. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanatajwa katika pwani hii ya Ozi, Shaka na Ungwana, na kaburi linalosemwa kuwa lake liko upande wa Kipini. Magofu ya Ungwana yalichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950, wakati uleule ambapo koloni lilikuwa likichorewa ramani mpya. Mji huo wa Waswahili uliokufa umewekewa alama ya magofu. Mikondo iliyoufanya uwe na maana, iliyoleta watu na vyakula kutoka bara, ilikuwa imeshahama.

Na mto haukukoma hapo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 maji mengi ya Tana yalianza kufuata kijito cha Matomba, chini ya Garsen, na mafuriko makubwa ya El Niño ya 1997 na 1998 yakauvuruga zaidi mtandao wa mikondo. Vijiji vilivyokuwa vikichota maji mlangoni vikajikuta kando ya mfereji wa matope. Kwingine, mashamba ya migomba yakaliwa na maji yaliyokuja bila hodi. Huko Ozi, karibu na mdomo, nguvu ya maji matamu ilipopungua bahari ilipanda mtoni, na wakulima wa mpunga wakaona mashamba na miembe yao ikichomwa na chumvi. Kwenye ramani ya zamani maji hayo yote ni ya rangi moja ya buluu, ya chumvi na ya kunywa.

Maili tatu kutoka wapi?

Kenya ilipokaribia uhuru, mipaka ya majimbo iliandikwa kisheria mwaka 1963, na ramani za wapima ardhi ndizo zilizotumika kama ushahidi wa kuonyesha mstari unapita wapi. Wilaya ya Tana River ikabaki upande wa Pwani. Garissa ikawa ya Kaskazini Mashariki. Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992 ikaorodhesha wilaya, na Katiba ya 2010 ikazigeuza wilaya hizo 47 kuwa kaunti bila kuchora mistari mipya.

Tangu hapo mzozo haujapoa. Upande wa Tana River wapo wanaoshikilia kwamba mpaka hauko mtoni, uko maili tatu mashariki ya mto, kama ulivyowekwa zama za ukoloni. Upande wa Garissa wapo wanaosema mto ndio mpaka. Kila upande una wazee wake, na kila upande hutaja ramani. Suala hilo huguswa kila mara linapozungumzwa jambo la ushuru, la shule, la kituo cha kupigia kura au la mashamba ya umwagiliaji.

Ugumu wa madai ya aina hii unaonekana mara moja mtu akikumbuka tabia ya Tana. Mpaka unaopimwa kutoka mtoni huhitaji mto usiotembea. Mto ukikata kona na kuacha ziwa lenye umbo la kwato, maili tatu zitahesabiwa kutoka mkondo mpya au kutoka ziwa? Ndiyo sababu mzozo kama huu hauwezi kumalizwa na mwanasiasa anayeinua karatasi moja jukwaani. Unahitaji wapima ardhi wanaolinganisha ramani ya zamani, picha za angani zilizoizaa na mto wa leo, kisha waweke vigingi ambavyo pande zote mbili zimeviona vikichomekwa.

Njia ambazo hazikuchorwa

Kati ya vyote ambavyo ramani hizo hazikuonyesha, kilicholeta msiba mkubwa ni malka. Ndivyo Waorma wanavyoziita njia za kushukia mtoni, na Wapokomo nao wanalitumia neno hilohilo. Malka ni njia inayopita katikati ya mashamba kutoka mbugani hadi ukingoni. Mahali penyewe panatambulika kwa macho: nyasi zimekanyagwa zikaisha, udongo umevurugwa na kwato hadi ukawa kama unga wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa mvua, na ukingo umeshuka kwa mteremko badala ya kukatika wima. Kulia na kushoto ni mahindi, migomba na miembe ya wakulima.

Kwa vizazi vingi malka zilisimamiwa kwa mazungumzo. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma walikubaliana mifugo ipite wapi, lini, na nani alipe mazao yakiliwa. Makubaliano hayo yalibadilika kulingana na mvua. Mvua zikiwa njema huko bara, mifugo ilikaa mbali. Ukame ukizidi, ng'ombe walikuja delta kwa maelfu, wengine wakitoka Garissa na hata mbali zaidi, kufuata majani yanayoota baada ya mafuriko kushuka. Delta ndiyo akiba ya mwisho ya malisho katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya.

Ramani inampa mkulima kitu cha kushika: kijiji chake kina jina, kiko mahali pamoja, kimechapishwa. Mfugaji anayehama hana nukta. Siku ya kupima ardhi na kugawa hati ikifika, aliyemo kwenye karatasi huwa ametangulia. Hofu hiyo ndiyo iliyochochea mapigano ya 2001, wakati mpango wa kupima na kugawa ardhi ulipokuwa ukibishaniwa. Wafugaji waliona kwamba mashamba yakipewa hati mfululizo kando ya mto, maji yatafungwa kwa ua. Wakulima nao waliona kwamba bila hati, mazao yao yataendelea kuwa chakula cha ng'ombe. Wote wawili walikuwa na haki ya kuogopa.

Mwaka 2012 damu ilimwagika tena, na kwa kiasi kikubwa zaidi. Alfajiri ya Agosti 22 watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani ambako hata maafisa wa polisi waliuawa. Disemba ikawa zamu ya Kipao. Kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa na maelfu wamekimbia makwao. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia, silaha na visasi vya zamani vyote vilichangia, lakini chini yake palikuwa na swali lilelile la maji na njia ya kuyafikia.

Ardhi iliyoitwa tupu

Wapangaji wa maendeleo nao walizisoma ramani hizo kwa namna yao. Tambarare pana, mto mkubwa pembeni, vijiji vichache vyenye majina: hapo pana mradi. Huko Hola, umwagiliaji ulianza katika miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na mnamo Machi 3, 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi hiyo. Baadaye ukaja mradi wa Bura. Mapema miaka ya 1990, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, TARDA, ilijenga karibu na Garsen mradi wa mpunga kwa fedha za Japani. El Niño ya 1997 ikabomoa kuta na mifereji yake. Delta iliwajibu wahandisi kwa maji.

Wakati huohuo mto ulikuwa ukifungwa huko juu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo yanawasha taa za Nairobi na Mombasa, na nchi inayahitaji. Lakini maziwa ya delta kama Shakababo na Bilisa hayana chemchemi. Hujazwa na mafuriko yanayopita katika vijito vyembamba. Mafuriko madogo ya kila mwaka yakikosa kufika, ziwa husinyaa, na mvuvi wa kambare hubaki akitazama ufa wa tope. Yakija mafuriko makubwa ambayo mabwawa hayawezi kuyazuia, huja kwa ghafla. Ramani yenye ziwa la buluu la mwaka mzima huwadanganya wote wawili, mvuvi na mhandisi.

Mwaka 2008 ulipotangazwa mradi wa miwa wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias, uliokusudiwa kuchukua hekta 20,000 hivi, wakazi walikwenda mahakamani. Hukumu ilitolewa Februari 2013 na Jaji Mumbi Ngugi. Mahakama iliagiza vyombo vya serikali vitengeneze mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi kikamilifu. Hukumu hiyo ilipindua utaratibu uliozoeleka wa karatasi kuchorwa kwanza na watu kuitwa baadaye.

Miezi michache kabla ya hukumu, mnamo Septemba 2012, hekta 163,600 za Delta ya Tana ziliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mpango wa matumizi ya ardhi ukaandaliwa kwa mikutano ya vijiji, na humo malisho, kilimo, uvuvi na njia za mifugo vikapewa nafasi zake. Kwa mara ya kwanza mambo ambayo ndege ya Lancaster haikuweza kuyaona kutoka juu yaliwekwa kwenye ramani na watu wanaoyaishi.

Thamani ya karatasi kuukuu

Ingekuwa makosa makubwa, hata hivyo, kuzitupa ramani za zamani kwa sababu mto umehama. Thamani yake inapanda kadiri miaka inavyopita. Ni ushahidi wa mahali msitu wa ukingoni ulipofika kabla ya kukatwa, msitu ambao mabaki yake yanahifadhi kima punju wa Tana na mangabe wanaopatikana hapo tu duniani, na ambao kipande chake kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1976. Zinaonyesha vijito vilivyokuwa vikijaza maziwa kabla ya mabwawa, kwa hiyo zinaweza kuwaambia wahandisi ni mlango gani wa maji ufunguliwe tena. Zinaonyesha vijiji vilivyohama na mahali vilipokuwa.

Zinaonyesha pia njia ambazo maji huzikumbuka. Mto ulioacha mkondo haukuufuta. Mafuriko yakija hurudi humo. Novemba 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji, na mabasi na malori yakakwama sehemu za Gamba na Lango la Simba. Miezi michache baadaye, katika mvua ndefu za 2024, maji yalirudi. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya wakazi wa delta walikuwa wamekimbia mafuriko. Anayepanga kambi ya waathiriwa, zahanati au tuta la barabara bila kutazama mikondo ya zamani anajenga njiani mwa maji.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imezipa jamii za Tana River nafasi ambayo hazikuwa nayo wakati ardhi yao ilikuwa chini ya halmashauri kwa jina la amana: kusajili ardhi yao wenyewe, kwa mipaka waliyokubaliana na majirani. Usajili huo utahitaji ramani, na ubora wa ramani hiyo utaamua kama hati itakuwa ngao ya jamii au chanzo cha kesi nyingine. Kuna mpango pia wa bwawa kubwa zaidi, High Grand Falls, huko juu ya mto. Likijengwa kabla ya delta kupimwa upya, hakutakuwa na namna ya kuonyesha ni nini kilichopotea.

Yanayotakiwa kufanywa yanajulikana na yanawezekana. Idara ya Upimaji wa Ardhi iliyoko Ruaraka izipige skani karatasi zote za bonde la chini la Tana pamoja na picha za angani zilizozizaa, na nakala ziwekwe Hola na Garsen ambapo mkazi yeyote anaweza kuzitazama bila kupanda basi kwenda Nairobi. Kila malka iliyokubaliwa na wazee wa pande zote mbili ipimwe, iwekewe vigingi na ichapishwe kwenye ramani rasmi yenye nguvu ya sheria. Mpaka wa Tana River na Garissa upimwe kwa alama za ardhini zisizotegemea mkondo wa maji. Serikali ya kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zifanye kazi hiyo kabla hati ya kwanza ya shamba la kando ya mto haijatolewa, na wakazi wa delta wasikubali kupewa karatasi yoyote ambayo njia ya ng'ombe na njia ya mafuriko hazimo.